Nani Aliamua?

Kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza, ofisi yetu ya mipango hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Huja wawili au watatu, barua ya chuo ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, mashati yamenyooshwa pasi. Nawapa viti, nawaonyesha mafaili, kisha nawauliza swali lile lile: kwa nini ulichagua kusoma utawala na sera za umma?

Jibu la siku ya kwanza huwa la kweli, ila ni fupi. Mmoja alisoma mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na pointi zake hazikutosha kuingia sheria. Mwingine aliambiwa na baba yake kwamba serikalini mshahara hauchelewi na uzeeni kuna pensheni. Sijawahi kulidharau jibu hilo. Kwenye nyumba ambayo mtu mmoja anasomesha wadogo wanne, kutafuta kazi ya uhakika ni sababu ya mtu mzima. Na hata hiyo kazi siku hizi haipatikani kirahisi. Sekretarieti ya Ajira ikitangaza nafasi chache, waombaji wanafurika.

Jibu la pili huja baada ya wiki mbili tatu, mara nyingi tukiwa njiani ndani ya gari.

Mwaka 2024 nilikuwa na binti mmoja mkimya sana. Tulikuwa tunateremka kwenda kata ya mbali alipoanza kunisimulia habari za kaka yake. Kaka alimtangulia shule kwa miaka miwili. Alikuwa anarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa, pamoja na michango iliyokuwa inafuatana nayo. Alirudishwa mara nyingi mpaka akachoka, akaenda kufanya kibarua mashamba ya chai. Januari 2016 yeye binti akaingia kidato cha kwanza, na ada ilikuwa imefutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Hakuna aliyemrudisha nyumbani hata siku moja. “Mama,” akaniambia, “sisi ni tumbo moja, tulilala chumba kimoja. Mimi niko chuo kikuu, yeye anachuma chai. Nilitaka kumjua aliyeandika ile karatasi, na kwa nini hakuiandika miaka miwili kabla.”

Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia chuoni kwa swali la aina hiyo hiyo.

Nilikuwa sekondari alipokuja afisa kutoka wilayani kwenye mkutano mkuu wa kijiji chetu. Alisema serikali imepanga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Watu walipiga makofi. Ikakubaliwa kila kaya itoe tofali na nguvu kazi. Likizo ile nilikwenda mtoni na mama yangu kuchota mchanga, ndoo kichwani, safari nne asubuhi na tatu jioni. Kuta zikapanda hadi usawa wa lenta. Zikaishia hapo. Mvua za mwaka uliofuata zilikuta maboga yametambaa ndani ya kile kilichokuwa kiwe chumba cha kujifungulia. Mama alikuwa akipita pale anauliza, “Mbona wameacha?” Mwenyekiti wa kijiji hakujua. Mtendaji hakujua. Mganga wa kituo cha jirani naye hakujua.

Swali hilo nikaenda nalo Mzumbe. Chuo kile kilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa, na hadi leo vijana wengi wanaotaka kujua halmashauri inaendeshwaje huenda huko. Humo darasani ndipo nilipokutana na boma letu, zile kuta zilizoachwa, likiwa ndani ya karatasi. Jina lake ni MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, 2007 hadi 2017. Zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata: maneno yale yale ya afisa, tena mazuri. Nilisoma kurasa zile huku nimeshika kichwa. Zahanati si kuta. Kuna bati, kuna kibali cha kuajiri mganga na muuguzi, kuna nyumba ya kuwaweka, kuna dawa ambazo lazima zije mwezi baada ya mwezi bila kukoma. Katika yote hayo kuta ndizo nafuu, na ndizo walizopewa wanakijiji wazibebe kichwani. Walifanya sehemu yao kwa haraka kuliko sehemu nyingine zote zilivyoweza kufuata.

Hapo nikapata jibu la kumpelekea mama. Hakuna mtu mmoja aliyeiba bati zetu. Kulikuwa na sentensi yenye nia njema ambayo haikupata kifungu cha kutosha kwenye bajeti. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Basi kaa wewe mahali wanapoandika hizo sentensi.”

Ndiyo kazi niliyo nayo, ingawa wilayani hatuandiki sera. Tunapokea mwongozo wa bajeti, tunapokea ukomo wa fedha, tunaingiza shughuli kwenye mfumo wa kupanga bajeti wa PlanRep, tunapeleka kwenye kamati ya fedha na baraza la madiwani. Mahitaji yanapita ukomo kila mwaka. Kama kuna maboma saba na fedha ya kupaua mawili, mtu lazima aseme ni mawili yapi, na matano yabaki wazi masika nyingine. Kila diwani anatetea la kwake, na ana haki.

Mwaka mmoja nilikosea. Nilipendekeza boma lililokuwa kando ya barabara kuu kwa kuwa lilikuwa limekamilika kuliko yote, na nikaona fedha haitapotea. Likapauliwa, likapakwa rangi, likafunguliwa. Sikuwa nimeuliza muuguzi ataishi wapi. Aliyepangiwa alipanga chumba mji mdogo wa jirani, akawa anakuja kwa bodaboda na kuondoka kabla giza halijaingia. Mama mmoja alishikwa uchungu usiku, akafika, akakuta kufuli. Alijifungulia barazani, juu ya saruji mpya, akizalishwa na wanawake wenzake. Mtoto yuko hai, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anaiita kazi hii kazi ya makaratasi, naiona ile baraza.

Nilimsimulia yule binti habari hiyo tukiwa tunakaribia kijiji. Boma la huko lilikuwa na mkaratusi mwembamba uliochomoza katikati ya chumba, umeshapita urefu wa kuta. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye msingi, fimbo yake magotini.

“Shikamoo babu,” binti akasema.

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa bati?”

“Hapana babu. Mimi bado mwanafunzi.”

“Basi andika. Wengine wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka.”

Akafungua daftari. Akamuuliza wajawazito wanakwenda wapi sasa, na mto wanaouvuka hufunga njia miezi mingapi. Mzee akahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, nusu ya Mei. Binti akaandika yote, kisha akasimama, akatazama huku na huku nje ya kuta zile.

“Babu,” akauliza, “na nyumba ya muuguzi mliitengea kiwanja wapi?”

Mzee akainua fimbo kuelekea kwenye mahindi, akaanza kushuka kutoka kwenye msingi ili akamwonyeshe.