Una Kilo Zaidi ya 90? Chagua Ubao wa Mawimbi kwa Lita, Usichague kwa Macho

Wengi mmenizoea kwa mambo ya nyavu, maboya na ufugaji wa samaki. Leo nazungumzia ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, kwa sababu tangu mnione nao ufukweni Kigamboni mmekuwa mkiniuliza: "Afisa, mtu mwenye mwili kama wako anatumia ubao gani?"

Mimi nina kilo 96. Kusimama kwenye ubao nimeshaweza. Sasa najifunza kukata wimbi kulia na kushoto. Mtu akifika hatua hii hutamani ubao mfupi na mwembamba kama wa vijana anaowaona. Kwa mtu mwepesi unaweza kufaa. Kwa sisi wazito ni kupoteza fedha.

Sababu yake mvuvi yeyote anaijua: boya dogo kwenye nyavu nzito, nyavu zinazama. Ubao nao ni boya. Ukiwa mdogo unadidimia ukiulalia, unapiga mikono mpaka mabega yanawaka moto, na wimbi linakupita. Rafiki yangu mmoja wa kilo 104 alihangaika hivyo msimu mzima wa kusi. Akaanza kuamini kwamba bahari si ya watu wanene, akaacha kuja. Nilipomwazima ubao wangu alikamata mawimbi manne asubuhi moja. Mwili wake ulikuwa uleule.

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Pima uzito wako. Usikadirie. Hata mizani ya magunia sokoni inatosha.

2. Tafuta lita. Kwa anayeendelea kujifunza, zidisha kilo zako kwa 0.6. Kilo 90 ni lita 54. Kilo 100 ni lita 60. Hili ni kadirio tu. Kama pumzi ni fupi au umri umesogea, ongeza lita 5. Ukizidi kuzoea, punguza kidogo kidogo. Usitoke lita 60 ukarukia 35.

3. Kama lita hazijaandikwa, chukua futikamba. Zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa 0.55. Ubao wangu una sentimita 239 kwa 57 kwa 7.6, yaani takriban lita 57.

4. Angalia umbo. Futi 7 na nusu hadi 8 na nusu, upana wa inchi 22 au 23, na ncha ya mbele ya mviringo. Mawimbi madogo yasiyo na nguvu yanahitaji ubao mpana.

5. Ukinunua uliotumika, kagua nyufa kwenye faiba na mahali mapezi yanapoingia. Ukiwa mzito kuliko mwingine wa saizi na aina hiyo hiyo, huenda umekunywa maji.

6. Kamba ya mguuni isiwe fupi kuliko ubao, na unene wake uwe milimita 7 au 8. Ikikatika, ubao mkubwa unaweza kumjeruhi mtoto anayeogelea ufukweni.

Ukipata nafasi ya kuujaribu, ulalie majini palipotulia. Ncha ya mbele ibaki juu ya maji kwa vidole vitatu au vinne. Ikizama, sogea nyuma kidogo. Ukikosa kabisa mahali pa kulala ukaelea sawa, ubao huo ni mdogo kwako.

Wala usione haya kuomba ubao mkubwa dukani. Simon Anderson wa Australia alikuwa mtu wa umbo kubwa, na mbao za mapezi mawili zilizopendwa wakati ule hazikumfaa. Akatengeneza ubao wa mapezi matatu, na mwaka 1981 akashinda nao mashindano ya Bells Beach. Leo mpangilio huo wa mapezi unatumika duniani kote, na wembamba pia wanautumia.

Mimi niliweka akiba miezi saba kununua ubao wangu, hivyo najua fedha hiyo inavyopatikana. Kabla hujalipa, niandikie kilo zako na vipimo vitatu vya ubao, tupige hesabu pamoja. Kila la heri.