Jiko Ambalo Mama Ataketi

Butembo yetu imekaa juu ya vilima, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na jioni zake zina baridi kuliko za Beni. Wengi hujenga nyumba kubwa za matofali zenye dari ya juu. Zapendeza machoni, lakini joto hupanda darini, na watu hubaki chini wakijikunyata.

Mama yangu hakupenda jiko letu jipya. Kila jioni alirudi uani, penye mafiga, na wajukuu wakamfuata. Basi tuliisogeza meza karibu na moto, tukaweka viti vifupi, tukaishusha taa, na kona ile tukaitia dari ya chini ya mbao za mikaratusi. Sasa huchambua maharagwe humo, na watoto husoma kando yake.

Lakini angalieni: msifunge madirisha yote kwa kulinda joto, makaa yakiwaka ndani. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Tundu la kupitisha hewa lisikose kamwe.

Nawe unayetaka kujenga, kabla ya kumwita fundi, muulize mama yako angependa kuketi wapi.