Nilimlaumu Kedi, Kumbe Kosa Lilikuwa Kasi Yangu

Najua nimepotea kwa muda, na waliozoea kunisoma nikiandika juu ya programu na hifadhidata watashangaa nikiwaletea gofu leo. Nivumilieni. Ndani yake mna data, mna hesabu kidogo, na mna kosa nililomtendea mtu ambalo bado linaniuma.

Nilianza gofu mwaka jana kwa sababu mteja wetu mmoja hucheza, na bosi wangu aliona afadhali mmoja wetu aongozane naye. Mpira wa mbali naupiga vizuri kiasi. Kilichokuwa kinanimaliza ni grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi kabisa penye shimo na bendera. Pale hupigi tena kwa nguvu, unausukuma mpira ubingirike hadi shimoni. Ukitazama kwa runinga utasema ni mchezo wa watoto. Mimi nilikuwa nikisukuma mara 41 katika mashimo 18. Wachezaji wa kulipwa husukuma kama mara 29.

Kedi wangu, yaani anayekubebea mfuko wa fimbo na kukupa ushauri, alikuwa mzee aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa akichuchumaa nyuma ya mpira, anatazama mteremko, kisha anasema, "Upana wa shimo moja kushoto, bosi. Lakini polepole." Mimi nilisikia "kushoto" tu. Hilo "polepole" nililichukua kama salamu. Nikisukuma, mpira unapita bila kupinda hata kidogo na kwenda zake mita mbili mbele. Namgeukia: "Mzee, umesoma vibaya." Naye hunyamaza.

Jumamosi moja, mteja akiwa hapo anatazama, nilisukuma mara tatu katika shimo la mwisho na tukashindwa. Nilikasirika. Nilimwendea mkuu wa makedi nikaomba nibadilishiwe, na nikaongeza kwamba macho ya yule mzee yamechoka. Nilisema hivyo mbele ya watu.

Wiki iliyofuata nilipewa kedi kijana. Nikasukuma mara 41. Wiki ya pili 42. Ya tatu 40.

Sasa, sisi tunaoandika programu tuna kanuni moja: ukibadilisha sehemu unayoishuku na hitilafu ikabaki vilevile, basi ulishuku sehemu isiyo na kosa. Bahati nzuri, kwa mazoea ya kazi, Jumamosi hizo tatu nilikuwa nikiandika kwenye simu kila msukumo wa kwanza: mpira ulisimama umbali gani mbele au nyuma ya shimo, na umbali gani kando. Nilipima kwa hatua zangu. Usiku ule niliingiza yote kwenye tarakilishi.

Katika misukumo iliyozidi mita 5, kosa langu la kando lilikuwa wastani wa sentimita 28. Kosa la urefu lilikuwa mita moja na nusu. Mara 16 nilisukuma mara tatu kwenye shimo moja, na 13 kati ya hizo zilianza kwa mpira wa kwanza kufika mbali mno au kufupia. Nilikuwa nikipigana na mstari, na aliyekuwa akinishinda ni umbali.

Hebu tufanye hesabu. Mpira ukibingirika kwenye nyasi hupoteza kasi kwa kiwango kinachokaribia kuwa kilekile. Kwa hiyo umbali utakaokwenda hufuata kasi ya mwanzo ikizidishwa kwa yenyewe. Ongeza kasi kwa asilimia 10 na umbali utaongezeka kwa asilimia 21. Shimo likiwa mita 9, mpira utalipita kwa karibu mita 1.9. Lakini ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 nzima, katika mita hizo 9 utakuwa kando kwa sentimita 16 tu. Hata digrii 3 ni sentimita 47, mpira wa kumalizia huku unazungumza. Mita 1.9 ni jambo jingine. Wachezaji wa PGA Tour wenyewe, kutoka mita 2.4, huingiza karibu nusu tu.

Shimo nalo lina siri yake. Kipenyo chake ni milimita 108, cha mpira ni kama 43. Mpira ukifika ukingoni lazima ushuke nusu ya kimo chake kabla ya kufika ukingo wa pili. Nimepiga hesabu ya kuanguka: ukipita katikati kabisa, kikomo ni kama mita 1.3 kwa sekunde. Ukizidi hapo unaomba bahati ugonge ukingo wa nyuma na kuangukia ndani. Ukipita pembeni, nafasi ya kuanguka ni fupi zaidi na kikomo kinashuka. Maana yake, kadiri mpira unavyokuja kwa kasi ndivyo shimo linavyokuwa dogo. Dave Pelz, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi NASA kabla ya kuhamia gofu, alipendekeza kasi ambayo mpira ukikosa shimo ulipite kwa sentimita 43 hivi.

Na hapa ndipo nilipojiona mjinga. Mteremko unahitaji muda ili uuvute mpira. Ukienda haraka, muda haupo, mpira haupindi. Kwa hiyo "upana wa shimo moja kushoto" ni jibu sahihi kwa kasi moja tu, ile ya polepole aliyonitajia. Mzee alinipa namba mbili, nikatumia moja, kisha nikasema hesabu yake ni mbovu.

Kasi ya grini yenyewe haitulii. Mwaka 1935 Mmarekani Edward Stimpson alibuni kifaa cha kuipima: mfereji mwembamba unaouachilia mpira kwa kasi ileile, kisha unapima ulipofika. Asubuhi umande huushika mpira, jioni nyasi zimeota kidogo. Mzee hakuwa na kifaa. Alikuwa akijua kwa nyayo, akitembea tu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekaa chini ya mti karibu na lango. Kedi asiyepewa mfuko hana malipo. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha. Akasema, "Jumamosi tatu, bosi." Kumbe naye alikuwa akihesabu. Nilimlipa zote tatu, akapokea, akazikunja fedha akatia mfukoni. Kisha akaniuliza, "Na hayo ya macho yangu, utayarudishaje?"

Nilienda kwa mkuu wa makedi, mbele ya wale wale, nikasema kosa lilikuwa langu. Lakini mwezi uliopita nilimsikia mchezaji mmoja akiuliza kama huyo ndiye yule mzee asiyeona vizuri. Hilo sina hesabu yake.

Kwa anayetaka kujifunza, haya ndiyo aliyonifundisha:

1. Kabla ya kusukuma, urushe mpira kwa mkono kuelekea shimoni, kwenye uwanja wa mazoezi. Mkono unajua umbali kuliko kichwa.

2. Sukuma ukiwa umefumba macho, kisha sema umefupia au umepitiliza kabla ya kutazama.

3. Weka alama mita 3, 6 na 9. Badilisha urefu wa kurudisha fimbo nyuma, usiongeze nguvu ya kugonga.

4. Chagua kasi kwanza, mstari baadaye.

Siku hizi nasukuma mara 35 hivi. Mzee bado huniita bosi, ingawa nikifupia huniita kijana. Haya, wiki ijayo turudi kwenye programu.