London, Gitaa na Tarumbeta Bubu

Usicheke msomaji, lakini nusura nimuudhi mke wangu moja kwa moja kwa ajili ya sauti ya gitaa.

Tulikwenda London kusherehekea miaka 5 ya ndoa. Kumbe mimi kichwani nilikuwa na yangu: ile sauti inayoyumba na kuzunguka, ambayo Eric Clapton aliipiga katikati ya wimbo Badge wa kundi la Cream, 1969. Siku ya kwanza nikamburuza mwenzangu kwenye maduka ya magitaa ya Denmark Street. Ya pili, Abbey Road. Tukapiga picha kwenye zebra ya Beatles, lakini studio yenyewe, ambako mwaka 1966 sauti ya John Lennon ilipitishwa kwenye spika ya aina hiyohiyo, haiingiliki hivihivi.

Usiku akaniuliza, "Hivi umekuja na mimi au na gitaa?" Nikakosa jibu.

Jumapili ikawa zamu yake: kanisani kwa dada yake, Peckham. Nikafuata kinyonge. Kinanda kilipoanza tu, kabati la mbao lililokuwa pembeni, refu kama mita moja, likatoa sauti ileile! Mwili ukanisisimka.

Baada ya ibada mpiga kinanda akafungua kabati kwa nyuma. Ni Leslie, spika ya Mmarekani Donald Leslie, iliyoingia sokoni 1941. Juu kuna tarumbeta mbili zinazozungushwa na mota, chini kuna ngoma inayozungusha besi. Sauti inakujia, inakukimbia, kama king'ora cha ambulensi inayopita. Taratibu, haifiki mzunguko mmoja kwa sekunde. Haraka, ni zaidi ya 6.

Akachomeka gitaa la kanisa kupitia kiboksi maalumu, akanipa. Nilipiga nota tatu tu, machozi yakanilenga.

Mke wangu akachungulia ndani. "Hii tarumbeta ya pili mbona haina tundu?"

"Hiyo ni bubu, dada. Ipo kuweka mizani. Ukiitoa, mtambo wote utatetemeka."

Akanigeukia. "Umesikia? Miaka mitano hiyo ndiyo mimi. Kuanzia leo tunapokezana."

Kabati lina zaidi ya kilo 60, kwa hiyo halikurudi na sisi. Siku tatu zilizobaki, kuanzia Greenwich mpaka boti za Thames, alipanga yeye. Mimi nikawa bubu. Na nawaambieni, sikuwahi kuijua London vizuri namna ile. Wala yeye.