Nuru Isomayo Kiu ya Damu

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi yajifichayo yenyewe, na mwenye nayo asiwe na habari. Saratani ya titi ni mojawapo: huweza kukaa muda mrefu bila ya kuuma, ilhali mwenyewe anapika, anasuka ukili na kucheka na wenziwe.

Miongoni mwa walioyaendea maradhi hayo kwa nuru ni Britton Chance, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1913. Alikuwa pia baharia hodari. Mwaka 1952 alitwaa nishani ya dhahabu ya mashua za tanga katika Olimpiki ya Helsinki. Nahodha haoni mwamba ulio chini ya maji. Huujua kwa rangi ya maji juu yake. Kazi ya Chance uzeeni ilifanana na hiyo.

Mtoto akiziba kurunzi kwa kiganja gizani, vidole hung'aa vyekundu, kwani nyama na damu humeza rangi nyingine na kuuachia wekundu upite. Mbele kidogo ya wekundu huo, pasipofika jicho la mwanadamu, iko nuru aliyoigundua William Herschel nchini Uingereza mwaka 1800. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, wa Chuo Kikuu cha Duke, alionyesha kuwa nuru hiyo hupenya hata fuvu na kurudi na habari za oksijeni ya ubongo.

Siri imo katika damu. Hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuutua mzigo wake hazimezi nuru sawasawa. Penye nanomita 760 ile tupu humeza zaidi. Penye 850 mambo hugeuka. Rangi hizo 2 zikipelekwa mwilini na kupimwa kinachorudi, hujulikana damu ni kiasi gani na oksijeni yake ni kiasi gani. Uvimbe wa saratani hujivutia damu kwa mishipa iliyopindapinda, lakini kwa pupa yake aghlabu hubaki na kiu ya oksijeni. Na kiu hiyo ni hatari: seli zilizoikosa oksijeni huweza kustahimili mionzi ya tiba mara 2 hadi 3 kuliko nyingine.

Nuru hii nayo ina udhaifu wake. Ndani ya nyama haiendi kama mshale, hutawanyika mfano wa taa katika ukungu, na taswira yake haina kingo. Uvimbe wa milimita chache huweza kuiponyoka. Ndiyo sababu haijashika nafasi ya picha za eksirei.

Pahala panapoifaa zaidi ni kando ya tiba. Haichomi sindano, haina madhara ya eksirei, na yaweza kurudiwa kila wiki. Utafiti wa vituo kadhaa vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mabadiliko ya damu na maji ndani ya uvimbe huweza kubashiri, tiba ikiwa katikati, kama dawa zinafanya kazi.

Chance alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 97. Mwanamke anayetiwa dawa kali kwa miezi kadhaa kabla ya upasuaji hahitaji picha nzuri. Anahitaji kujua mapema kama anateseka kwa faida. Nuru isiyoonekana imeanza kumjibu.