Vipimo vya Gari la Mjomba

Ndugu wanachuo watanistahimili nikianza makala haya na gari, tena gari la spoti lenye viti viwili, katika jarida ambalo kwa desturi huzungumzia maandalio ya somo na zana za kufundishia. Sikusudii kulisifu gari hilo wala kumshawishi mwalimu yeyote anunue la namna yake, maana petroli yake pekee yatosha kumfilisi. Nalileta hapa kwa kuwa katika kulifungia vipimo vipya niligundua kosa nililomtendea mwanachuo mmoja, na kosa lenyewe ni la aina ambayo kila mmoja wenu atapata nafasi ya kulitenda pindi atakapokabidhiwa kalamu nyekundu.

Gari ni Datsun 240Z la mwaka 1972. Wazee wetu waliokuwa wakisimama kandokando ya barabara siku za Pasaka wataikumbuka aina hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, ukubwa wake ni lita 2.4, nayo hulishwa na kabureta mbili. Mjomba wangu alilinunua Nairobi likiwa limekwisha kutumika, akalitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa, na alipofariki mwaka 2006 likanifikia mimi, mkufunzi wa Sayansi ambaye hata baiskeli yake ilikuwa haina breki.

Katikati ya dashibodi ya gari hilo mna matundu matatu ya duara. La kwanza lina joto la maji na presha ya oili, la pili lina chaji na petroli, na la tatu lina saa. Saa ilikuwa imekufa tangu siku za mjomba. Vingine vilifanya kazi, au ndivyo nilivyoamini.

Januari 2009 nilikuwa nikirudi Arusha kutoka Same, saa saba mchana. Mpira mmoja wa rejeta ulikuwa umechakaa, nami nalijua jambo hilo tangu Krismasi. Maji yakawa yanavuja kidogo kidogo. Mshale wa joto ulipanda, nikapata wasiwasi. Kisha ukashuka wenyewe, nikafurahi na kuongeza mwendo. Nilipofika karibu na Mwanga gari likanguruma kama kinu cha kusagia mawe, likazimika. Fundi alinieleza baadaye kwamba sensa hutoa habari za kile kinachoigusa tu. Maji yalipokwisha, ilibaki ikining'inia hewani, ikatoa habari za hewa. Wakati mimi nikishangilia, silinda hedi ilikuwa ikipinda na gasketi yake ikiungua. Matengenezo yalikula mishahara yangu ya miezi mitatu. Tangu siku ile, darasa lenye makelele likinyamaza ghafla, siendelei kuandika ubaoni, hugeuka nikaangalia.

Basi nikaazimia kufunga vipimo vipya, nikamwendea fundi yule na orodha ya vipimo sita nilivyovikata katika kitabu cha bei. Fundi ni mtu mzima, hakupita darasa la saba, naye aliisoma orodha yangu kwa utulivu kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiki kikikuambia kitu, wewe utafanya nini?" Tulikwenda kimoja kimoja. Presha ya oili ikianguka, nitazima injini papo hapo, maana chuma kitasagana na chuma. Joto likizidi, nitasimama kivulini. Umeme ukipungua, nitajua altaneta haichaji, nami nitafute fundi kabla ya usiku kuingia. Kwa vile vitatu vilivyobaki sikuwa na jibu, isipokuwa kwamba vilikuwa vizuri kutazamwa. Akavifuta kwa penseli. Nimekaa katika vikao vingi vya kutunga mitihani, wala sikumbuki kusikia swali hilo likiulizwa juu ya swali lolote la mtihani.

Vipimo vya gari ni vya namna mbili. Vya namna ya kwanza havitumii umeme. Kipimo cha presha cha namna hiyo kina ndani yake kibomba bapa kilichopindwa kama herufi C, ambacho Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza yake mwaka 1849. Oili ikisukuma ndani, kibomba hutaka kujinyosha, kama mpira wa bustani uliokunjwa unavyojinyosha maji yakifunguliwa, na mnyosho huo mdogo ndio unaovuta mshale. Ni kipimo cha kuaminika, ila hukulazimu kuleta oili ya moto kwa kijibomba hadi magotini mwa dereva. Kijibomba kikipasuka, suruali na ngozi vimekwenda. Vya namna ya pili hutumia sensa na waya, na waya ukikatika hakuna anayeungua. Kwa oili nikachagua cha umeme. Kwa maji nikachagua kisicho na umeme, chenye tungi dogo la shaba mwishoni mwa kijibomba chembamba ambacho haifai kukikata wala kukipinda kwa kona kali.

Fundi alinitaka nikijaribu nyumbani kabla ya kukifunga. Nikabandika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, nikatumbukiza tungi bila kuliacha liguse kitako cha sufuria. Maji yakatokota. Mshale ukapanda hadi 95, ukasimama. Nikapepea mkaa, maji yakaruka nje na kuzima nusu ya moto, mshale haukusogea. Nikakifuta kipimo, nikakirudisha katika boksi lake, nikaanza kumwandikia mwenye duka barua ya maneno makali. Ili barua iwe na nguvu, nikaazima kipimajoto katika maabara ya chuo. Nacho kikasoma 95. Nikaazima cha pili: 95.

Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila upandapo mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa takriban nyuzi moja, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza maji imepungua. Jambo hilo nilikuwa nikilifundisha kila mwaka, pamoja na mfano wa maharage yanayokawia kuiva milimani. Nililijua vyema. Lakini hapo jikoni, baina yangu na sufuria, palisimama ile 100 iliyochapwa kitabuni.

Nikiwa bado nimeshika kipimajoto cha pili nikakumbuka Darasa la Sita la shule moja isiyo mbali na mji, mwaka uliotangulia, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo wangu, binti mpole mwenye sauti ndogo, aliwagawa wanafunzi katika makundi matano, kila kundi na kipimajoto chake. Wakachemsha maji, wakasoma, wakaandika. Makundi manne yaliandika 95, moja likaandika 94. Akaandika ubaoni: "Maji yetu yalichemka kwa nyuzi 95." Nami niliyekuwa nimeketi nyuma na fomu ya tathmini nikafanya jambo ninalowakataza ninyi kila siku: nikasimama mbele ya wanafunzi wake, nikasema kwamba vipimajoto vya shule vimechakaa na kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Namwona hadi leo mvulana mmoja wa dawati la mbele akilowesha kidole kwa mate, akifuta 95 yake, na kuandika 100 juu ya lile doa. Baada ya kipindi mwanachuo aliniambia, "Mkufunzi, lakini ndivyo watoto walivyosoma." Nikamjibu kwamba ni wajibu wake kuwasahihisha. Katika fomu nikaandika "Kosa la maarifa ya somo" na kupunguza alama sita.

Barua ya mwenye duka niliichana. Kesho yake nikaenda ofisi ya taaluma, nikaambiwa kwamba fomu zilikwisha kutumwa na matokeo yamekwisha kutangazwa. Alama zile sita hazikurudi. Mwanachuo mwenyewe alikuwa amepangiwa shule moja wilayani Pangani. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, nikamwambia kwamba yeye na watoto wake walikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Sikuwahi kumwandikia mwanafunzi barua ya namna hiyo, na niliinakili mara tatu kabla ya kuthubutu kuitia posta.

Kazi ya kufunga ilichukua Jumamosi nne, na nusu ya muda huo ilikwenda katika mambo ambayo vijitabu vya maelekezo huyapita kwa sentensi moja. Hesi za sensa, ambazo mafundi huziita thredi, zilitushinda siku nzima. Tundu la oili katika injini ile limechongwa kwa kipimo cha Kiingereza chenye mizunguko 28 kwa inchi; kiungio nilichouziwa kilikuwa cha Kimarekani chenye 27. Viwili hivyo hukubaliana mizunguko miwili ya kwanza, kisha hukaza, na mtu asiye na subira huongeza spana ndefu hadi chuma kikapasuka. Fundi hukaza kwa vidole tu mpaka aridhike. Kadhalika alinikataza kuzungushia hesi za sensa ile utepe mweupe wa mabomba, kwa kuwa sensa yenyewe hupata njia ya kurudishia umeme kupitia chuma cha injini, na utepe waweza kuikata njia hiyo.

Tulipowasha kwa mara ya kwanza, mshale wa oili ulilala mwisho kabisa upande wa juu hata kabla injini haijazunguka, na nilipokanyaga mafuta ukashuka. Nikazima kwa hofu, nikidhani pampu imekufa. Kumbe mshale na sensa havikuwa vya lugha moja. Ziko sensa za Ulaya ambazo ukinzani wake ni omu 10 hivi pasipo presha, nao hupanda kuelekea 180 presha inapoongezeka. Za Kimarekani aghalabu huanza 240 na kushuka hadi 33. Nilikuwa nimechukua sensa ya hawa na kipimo cha wale, hivyo kila habari njema iliyotoka katika injini ilinifikia ikiwa habari mbaya. Tukabadilisha sensa, mambo yakanyoka.

Sehemu ya umeme naieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowatatiza wanachuo wengi. Kipimo cha chaji cha zamani ni cha ampea, na umeme unaokwenda kuchaji betri hupita ndani yake, kama watu wapitavyo mlangoni wakihesabiwa mmoja mmoja. Nyuma yake tulikuta nyaya mbili nene, na ganda la mmoja limegeuka rangi ya kahawia kwa joto. Kipimo kipya ni cha volti. Chenyewe husimama kando na kulinganisha pande mbili, na umeme unaopita ndani yake ni kidogo sana. Kwa hiyo huwezi kuchomoa cha zamani na kuchomeka kipya mahali pale pale. Kwanza ondoa waya hasi wa betri. Kisha ziunganishe zile nyaya nene mbili kwa nati na bolti, uzifunike vyema, la sivyo chaji haitapita. Halafu ndipo kipimo cha volti kipate waya wake mwembamba kutoka kwenye fyuzi inayowaka na swichi, na mwingine wa kwenda kwenye bodi. Betri iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na altaneta nzima ikifanya kazi husoma kati ya 13.8 na 14.4. Nilichora mchoro wa njia hizi mbili kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, na kijana mwanagenzi wa fundi akaniuliza maswali mazuri kuliko niliyozoea kuulizwa darasani.

Kipimo cha oili tulikiweka katika tundu la saa iliyokufa. Kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 52 na tundu ni kubwa zaidi, nilichonga pete ya mninga katika karakana ya useremala ya chuo. Viwili vingine vilikaa katika kibao kidogo chini ya dashibodi, vimeelekezwa kwa dereva, kwa sababu mshale ukitazamwa kwa upande hudanganya, kama rula inavyomdanganya mtoto anayeisoma akiwa ameketi pembeni ya dawati. Fundi alivizungusha vyote vitatu kabla ya kuvikaza, hata mambo yakiwa ya kawaida mishale yote ielekee juu. Tarakimu zimekaa mshazari, wageni hudhani tumekosea. Lakini dereva hahitaji kusoma tarakimu. Jicho hupita mara moja, na mshale ulioinama hujitangaza wenyewe.

Jibu kutoka Pangani lilinifikia baada ya miezi miwili. Hakuzitaja zile alama. Aliandika kwamba wanafunzi wake wa pwani wamechemsha maji na kupata 100, ila wamekataa katakata kuamini kwamba kwa watu wa Arusha ni 95, na wanamwona mwalimu wao kuwa anawatetea Waarusha. Aliniomba shahidi.

Juni 2010 nilishuka Pangani na gari la mjomba, mpira mpya kwenye rejeta, na kile kipimajoto cha pili kimeviringishwa katika taulo. Mishale yote mitatu ilitazama juu nilipopita Mwanga na Same. Kipimajoto kilisoma 100 mbele ya watoto arobaini na mwalimu wao, nami nikawaonyesha daftari lenye 95 zilizosomwa kwa kipimajoto hicho hicho. Wakanong'ona kwa muda. Kisha msichana mmoja akaelekeza kidole dirishani, lilikokuwa gari, akauliza maji yaliyomo mle ndani yanachemka kwa nyuzi ngapi. Tukatoka sote nje. Nikafunua boneti, nikawaonyesha mfuniko wa rejeta wenye springi, unaoubana mvuke ili maji yasichemke hata yakipita 100. Akataka kuufungua. Nikamwambia tungoje kwanza injini ipoe.