Usingizi wa Mchana wa Mtoto Mchanga

Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni usingizi wa mchana wa mtoto mchanga. Huenda mtu akasema, "Mtoto akichoka hulala mwenyewe." Ndiyo, hulala, lakini hulala wapi, tena katika kelele gani?

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita wengi twapata riziki kwa dhahabu. Huko Nyarugusu na Rwamagasa mama huponda mawe na kuosha mchanga, na mwanawe yu mgongoni. Mbeleko ni kitu chema, maana mtoto hutulia asikiapo joto la mamaye. Lakini karasha hunguruma na kutimua vumbi mchana kutwa. Tena zebaki ichomwapo ili dhahabu ibaki peke yake, mvuke wake hauna harufu, nao huingia kifuani mwa mtoto na kudhuru ubongo ungali ukikua. Usingizi wa mahali kama hapo si pumziko.

Shirika la Afya Duniani lilinena mwaka 2019 ya kuwa mtoto wa miezi 4 hata 11 yampasa kulala saa 12 hata 16, usiku na mchana pamoja. Basi mchana nao una sehemu yake.

Nyumbani kwetu twafanya hivi. Jua likaribiapo utosini, atokaye kazini huvua nguo za vumbi na kunawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kisha mtoto hunyonyeshwa, hucheulishwa, na kuoshwa uso na miguu. Hupelekwa mahali pale pale kila siku: chumbani penye hewa, au bati likipata moto, mkekani chini ya mwembe, na chandarua juu yake. Mmoja wetu huimba polepole wimbo ule ule wa Kisukuma. Macho yaanzapo kulegea, twamlaza chali, pasipo mto wala nguo karibu na uso. Akilia kidogo, twampapasa bila kumwinua upesi. Siku za kwanza alilia sana. Baada ya majuma mawili, wimbo ukianza, naye alianza kupiga miayo.

Ila ni nani atakayekaa naye? Mara nyingi kazi hiyo hupewa dada yake wa miaka 8 au 9, naye hukosa shule. Ninyi walimu mwaijua nafasi yake tupu darasani. Sisi tulipatana hivi: asubuhi bibi hukaa naye, na mchana baba na mama hupokezana. Kwa hiyo twaosha mchanga kidogo kuliko jirani zetu, na siku ya soko upungufu huo twauona. Hata hivyo dada mtu yu shuleni, na mdogo wake yu mbali na moshi.

Bwana wetu alilala chomboni dhoruba ikivuma, akaamka akaituliza. Wanetu hawana uwezo huo. Basi yatupasa sisi wazazi kuituliza kwa ajili yao.